Sweta la Baba Nasra

Ijumaa, 28 Machi

Shule zimefungwa. Nimekata lebo kwenye nguo zote mpya za Nasra, na uzi uliobaki nimeutoa kwa sindano mpaka shingo zikawa laini. Magauni ya sare ya Idi nimeshona mwenyewe, kitambaa nikakifua kwanza kisikwaruze. Wateja wangu wa huku ugenini Kensington na suruali zao za kufupisha wasubiri.

Baada ya Idi tunakwenda kwenye bustani ya michezo, tulale usiku mmoja hotelini hukohuko. Mwaka jana hatukuvuka hata geti. Nasra ana miaka saba. Dada wa kliniki alinieleza vizuri: kelele, mguso, mwanga, harufu, vyote vinamwingia kwa nguvu kuliko sisi. Mimi nimeshughulika na kelele. Nimemnunulia vifuniko vya masikio, vya bluu. Amekula navyo futari. Nimefurahi kijinga.

Jumamosi, 29 Machi

Wifi Mwanaidi, dada yake Baba Nasra, amefika kutoka Tanga. Akamkumbatia Nasra kwa nguvu zake zote. Nasra akapiga ukelele, akaingia chini ya meza. Wifi akanitazama mimi.

Jikoni akasema mtoto ana kitu, tumpe aende naye Tanga, akasomewe, akae kwa bibi yake mwaka mzima.  Baba Nasra kasema tuone likizo itakwendaje.

Nimechukia. Yaani mwanangu anafanyishwa mtihani kwenye bembea.

Jumapili, 30 Machi

Mwezi umeandama. Wifi ametoa udi, zawadi ya mama mkwe, udi wenyewe hasa, si huu wa dukani. Sisi hapa hatufukizi, king'ora cha moshi hulia hata nikikaanga vitumbua. Leo nimesema liwalo na liwe. Nasra alikuwa kwa jirani. Nimeweka chetezo uani, nikafukiza nguo zote: za Idi, za safari, mitandio, buibui langu. Nikajifukiza na nywele.

Nimenukia kama bibi harusi. Nimekumbuka nyumbani, nikalia kidogo.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Baba Nasra yuko lindoni kwenye maghala ya Midrand, nayo hayajui sikukuu. Nasra kavaa gauni, kalivua, kalivaa tena kwa hongo ya soseji, kalivua. Biriani hakugusa. Nikimsogelea, anasogea kando. Hakutaka nimchane nywele, hakutaka mapaja yangu.

Wifi kasema nimemdekeza. Nimemjibu kwa kuosha masufuria kwa kishindo.

Inauma. Hivi mtoto anaweza kumchoka mama yake?

Jumatano, 2 Aprili

Siku gani hii.

Baba Nasra kaja moja kwa moja kutoka kazini, na sweta lake la ulinzi, linanuka vumbi na dizeli. Nimemgombeza. Sare ya familia iko kwenye begi, watu wote tumependeza, yeye kama kaja kukamata mwizi. Akasema atabadilisha hotelini.

Kwenye gari madirisha tumefunga, kwa ajili ya kelele za barabarani. Nasra akaanza kujitikisa. Kwenye robot ya pili, yaani taa za barabarani kama wanavyoziita huku, akawa anataka kutapika. Nikambana kifuani nimtulize. Akanisukuma.

Getini ndipo akaanguka chini. Vifuniko viko masikioni, muziki wenyewe uko mbali, na bado anapiga mayowe. Nikamkumbatia, akaning'ata mkono. Watu wakasimama kutazama. Wifi akaanza kusoma dua kwa sauti, na macho yake yananiambia, si nilikwambia? Nikajua nimempoteza. Nimeona kabisa begi lake dogo likienda Tanga.

Baba Nasra akamnyanyua. Nasra akazamisha uso kwenye lile sweta. Kimya. Palepale getini, muziki ukiendelea.

Jua lilikuwa kali, nikavua mtandio nimfunike. Mayowe tena. Kautupa chini. Karudisha pua kwenye sweta, kimya tena. Nikaokota mtandio, nikaunusa.

Udi.

Ni mimi. Tangu Jumapili nilikuwa nikimkimbiza mwanangu kwa harufu, na kila akinikimbia nazidi kumbana. Nimecheka mbele za watu huku machozi yananitoka. Kumbe hakunichoka.

Nikamwambia wifi. Akasema udi haujawahi kumdhuru mtu. Baba Nasra akamjibu, taratibu tu, "Dada, mtazame." Akamtazama mtoto aliyelala begani, muda mrefu.

Tukanunua fulana kwenye duka la pale getini, mbaya ajabu, zina mamba kifuani. Nikanawa shingo na mikono chooni kwa sabuni yao. Nywele nikazifunga ndani ya kofia ya plastiki ya kuogea, nikavaa na kofia juu yake. Lebo ya fulana ya Nasra nimeing'oa kwa meno. Wifi kagoma, halafu katoka chooni na mamba wake juu ya dera. Sitausahau huo mwili na huyo mamba.

Nasra kapanda treni ndogo ya polepole, kashuka, kapanda tena, mpaka mwendeshaji akaacha kutuuliza. Wifi kaenda mwenyewe kupanga foleni ya chipsi. Kaagiza bila siki, maana siki inanuka. Sikumwambia mimi.

Alhamisi, 3 Aprili

Hotelini. Nasra kalala na sweta la baba yake usoni. Baba Nasra kasema mtoto haendi popote. Kasema wakati wa chai, kama anayeomba sukari. Wifi kampitishia mkate.

Nimemwongezea mume wangu chai.

Jumamosi, 5 Aprili

Nguo zote nimefua, nikarudia. Ziko kwenye kamba. Wifi kafunga udi kwenye mfuko, kautia begini mwake. Atamrudishia mama, kasema, na atamweleza mwenyewe.

Nilikuwa kwenye cherehani, suruali za watu. Nasra kaja nyuma yangu. Kanusa mkono wangu. Kanusa shingo, kanusa nywele, kwa makini kama ofisa wa forodha. Kisha kapanda mapajani, kaegemea.

Sijashona tena leo.