Nguzo Iliyochipua

Kakuma 1,
Turkana.
11 Mei 2025

Mpendwa dada yangu, yaya Sylviane,

Salamu nyingi kutoka kwenye joto letu. Mgongo wako umepata nafuu? Na mama, bado anakataa dawa mpaka aimbiwe kwanza? Sisi kwa mwili hatujambo. Binti yetu Liliane ameng'oka meno ya mbele na bado hanyamazi. Ila moyoni, yaya, mimi ni mgonjwa wa hofu.

Mchwa walimaliza nguzo za ua wetu, upepo ukaulaza ua wote chini. Shemeji yako Bruno unamjua, kungoja hajui. Alichukua panga akaenda kwenye mto mkavu nyuma ya kambi. Akakuta mti umesimama peke yake, hakuna nyumba wala shamba karibu, akakata matawi manene. Kwetu Uvira mti kama huo ni wa Mungu. Kumbe hapa miti ya kando ya mto ina wenyewe, baba humrithisha mtoto, maana wakati wa ukame mbuzi huishi kwa majani na matunda yake. Tuliambiwa hayo nguzo zikiwa zimeshasimama.

Nilijipa moyo kwamba mti uliokatwa hauna jina. Kisha mvua ikanyesha, na nguzo ya mlangoni ikachipua majani! Kila alfajiri nikawa natoka kuyanyofoa, kwa sababu Akai, mama wa Kiturkana anayetuletea kuni nasi tunampa unga, hupita hapo, na jirani alininong'oneza kuwa mti ule ni wa kwao. Kaka yake, Ereng, ni mwepesi wa hasira na wa fimbo. Bruno alitaka kukimbilia Lodwar, lakini bila kibali cha kutoka kambini angeshushwa kwenye basi njiani.

Wiki iliyopita usingizi ulinipitia. Nilipotoka, Akai alikuwa ameshatua kuni zake, ameshika jani. Hakusema hata ejok, salamu yao.

“Hii mti ni ya baba yangu,” akasema.

Nikamweleza yote huku nalia. Akachukua jagi langu la maji akalimimina lote chini ya nguzo.

“Ereng hajui bado. Hii iko hai. Ikikauka, mimi nitamwambia.”

Basi yaya, uhai wa mume wangu umefungwa kwenye nguzo ile. Maji ya bomba ni ya kugombania, lakini mti hunywa kabla ya watoto. Akai akipita huyatazama majani kwanza, ndipo anitazame mimi.

Nisalimie mama, shangazi Namwezi na kaka Guy. Mungu awafunike huko kwa mkono wake, na mkipiga magoti msituombee chakula, tuombeeni mvua. Jana jioni jani moja liligeuka manjano. Bruno sijamwambia.

Mdogo wako akupendaye,
Clotilde