Vichwa vya Tandu wa Moa

Jumatatu, 5 Mei
Tandu wa sitini na moja. Niko chumbani kwangu, mtaa wa Mabawa, mvua tangu alfajiri. Kila kichwa picha moja chini ya darubini, kila picha nukta kumi na nne: pembeni mwa kichwa, mzizi wa kipapasio, ncha ya jino la sumu. Kisha kompyuta ilinganishe maumbo. Mgongo unaniuma. Macho ndiyo usiseme.

Jumanne, 6 Mei
Wamegawanyika! Wa Mabawa na Usagara kundi moja. Wa Moa, kijijini kwa Shangazi, mbali kabisa, vichwa vipana, bapa. Rangi ile ile, miguu ile ile. Spishi mpya, huenda. Nimempigia msimamizi wangu wa chuo, nikabwabwaja kama mtoto. Kasema niandike sura ya mwisho, tasnifu ifungwe mwezi huu. Miaka miwili, jamani.

Ijumaa, 9 Mei
Moa, kwa Shangazi Mwanaidi. Tandu wote wa huku kanikusanyia yeye. Mie nilimwachia chupa za spiriti tu, nikaenda zangu. Shikamoo, marahaba, chai. Mara tandu huyo, katoka nyuma ya mtungi. Shangazi kamnasa kwa koleo, kamtumbukiza kwenye maji yanayochemka, ndipo akamtia chupani. Nikauliza, wote hivyo? "Wote, mwanangu. We ungemshika mzima akuume?"

Chai nimeimaliza. Ladha sikuisikia.

Jumapili, 11 Mei
Tandu watano wa Mabawa. Nimewapiga picha, nimewachemsha, nimewapiga tena. Vichwa vimetanuka. Kompyuta imewaweka kundi la Moa, wote watano. Hakuna spishi mpya, kuna maji ya moto. Tandu wa Moa hawafai kupimwa, na bila wao tasnifu haina kitu. Mjinga ni mie, si Shangazi. Miaka miwili sikuuliza wanauawaje! Nimelia mpaka nimechoka.

Jumatano, 14 Mei
Nimemwandikia msimamizi ukweli. Kajibu mstari mmoja: muda hauongezwi. Basi, shahada sina. Ningepata wa kumlaumu ningemlaumu.

Ijumaa, 16 Mei
Mvua imekatika. Shangazi kapiga simu baada ya sala. Majirani wanamcheka, eti mtu mzima kutwa anawinda tandu. Anataka kujua kama tandu wake wamenifaa. Nikamwambia wamenifaa sana. Akasema alhamdulillahi, basi ataendelea kuwakusanya.

Sikumkataza.