Moja Kumi na Moja

Jumatano, 4 Agosti 1971

Manyunyu tangu asubuhi. Shule imefungwa, mimi sijafunga. Leo nimegawanya mara ishirini na mbili na kila mara kuna kitu kimebaki. Vizuri!

Nambari yenyewe ni 11,111,111,111. Moja kumi na moja, zimesimama kama gwaride. Swali aliliacha yule profesa aliyekuja kwa mkutano wa walimu Nyeri mwezi wa tano: inagawanyika, au ni namba tasa? Mwalimu atakayejibu sawa, na kazi ionekane, atapata mwaka mmoja chuoni Nairobi. Nafasi ni moja. Kila mwalimu jibu moja, hakuna kurudia. Mwisho tarehe 16.

Kigawanyo tasa cha nambari hii, ukikigawanya kwa 22, lazima ibaki moja. Hiyo nimeipata mwenyewe, sikuambiwa na mtu. Kwa hivyo badala ya kujaribu maelfu na maelfu, najaribu kama elfu moja tu. Tu! Maitu, mama yangu, anauliza nikimaliza hiyo nambari tutaila na nini.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimempelekea Mansukh daftari dukani. Anakagua hesabu zangu kwa njia ya marehemu baba yake: unajumlisha tarakimu, tisa unazitupa, kinachobaki upande huu kilingane na cha upande ule. Kurasa kumi anamaliza chai haijapoa. Ramila, mkewe, amenifungia chevda, vile vitafunio vyao vya pilipili, kwa gazeti, ati mwalimu umekonda.

Mansukh amenionya: tisa haioni tarakimu zikibadilishana viti. Nikasema ndiyo, ndiyo. Nani hajui hiyo? Nimemwachia daftari hadi Jumamosi.

Jumamosi, 7 Agosti

Nimeona kwa macho yangu! Theuri ameinama kwa kaunta ya Mansukh. Theuri huyu tunayefundisha naye hesabu, na yeye pia anaitaka Nairobi. Daftari wazi kati yao, jalada la bluu. Langu! Kuingia tu, Mansukh akalifunga pap. Theuri akauliza bei ya kiberiti. Kiberiti! Na kingine kimechungulia kwa mfuko wa shati.

Nimechukua daftari yangu. Nikatoka zangu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumapili, 8 Agosti

Kanisani Theuri amekaa nyuma yangu. Kwa nini nyuma? Ameimba kwa furaha ya mtu aliyekwisha fungasha sanduku. Baada ya ibada akanifuata: Wangechi, hebu pitia zile kurasa za katikati. Nikamwambia apitie zake.

Anataka nirudi nyuma nichelewe. Mimi si mtoto.

Jumanne, 10 Agosti

Nimemwambia Mansukh mbele ya wateja. Nilikuwa nimeenda kununua sabuni tu, nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia asiguse daftari yangu tena, ameuza jasho langu kwa rafiki yake. Akasema polepole: mwalimu, mimi nauza sukari na mafuta. Hakuna aliyecheka. Ramila akaingia ndani. Nikatoka na sabuni, chenji nikaiacha.

Ni hasira, si kingine.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimemaliza! Hadi 105,409, kipeuo cha pili cha nambari yenyewe, na kuzidi hapo hakuna haja. Hakuna kilichoigawanya. Ni tasa!

Maitu amerudi na sukari. Ndani ya mfuko kuna karatasi, mwandiko wa Mansukh: “Ukurasa 14, mstari wa tisa.” Basi, hakuna maelezo. Maitu anasema ati Theuri ndiye aliyemwambia Mansukh aandike, kwa kuwa mimi namkaripia kila mtu. Kwa hivyo wamesoma mpaka mistari! Nimeichana. Nimeenda posta mbio, jibu likaingia sandukuni saa saba: namba tasa. Mfuko wa barua za Nairobi utaondoka kesho saa tatu asubuhi.

Sasa wafanye watakavyo.

Ijumaa, 13 Agosti

Naandika hapa kwa benchi ya posta.

Asubuhi nilifungua ukurasa wa 14 nipate ushahidi wa wizi wao. Mstari wa nane, kigawanyo: 21517. Wa kumi: 21737. Wa tisa, katikati yao: 26149. Elfu ishirini na sita imetafuta nini hapo? Mwandiko ni wangu. Hakuna mkono mwingine ulioigusa. 21649 nimeiandika sita mbele ya moja, nikagawanya kwa hiyo isiyofaa, na tisa za Mansukh zikapita salama. Alinionya!

Nikagawanya kwa 21649 nikiwa nimesimama. 513,239. Baki: sifuri. Nimerudia mara tatu. Ole wangu.

Kihara wa posta anasema barua ikiingia mfukoni ni mali ya serikali. Nimemsihi. Amelegea kidogo: mfuko haujafungwa bado, mtu mwingine anayeujua mwandiko wangu akija kutia sahihi kwamba barua ni yangu, ataitoa. Maitu hajui kusoma. Theuri ameenda kwao Kiriaini na gari la alfajiri. Mwalimu mkuu yuko Kutus.

Anayeujua mwandiko wangu kuliko mtu yeyote hapa Mukurweini yuko ng'ambo ya barabara, anapima sukari.

Bahasha mpya iko tayari. Nimevuka mara moja, nikafika kwa mtaro, nikarudi. Aibu! Nilimwita mwizi mbele ya watu.

Saa tatu kasoro dakika nane. Kihara ameshika kamba ya mfuko. Ramila ameniona, amemwita mumewe. Ametoka mlangoni. Anavuka. Mkononi ana chenji yangu ya Jumanne, na mimi sijapata hata neno la kwanza la kuomba msamaha.