Mlio wa Chumba cha Pili

Jumanne, 9 Novemba 1920

Njegere zangu kavu zimehamia tena ukumbi wa maigizo! Mwanangu Alois anaziviringisha kwenye chekeche nyuma ya pazia, na watu kwenye viti wanatafuta miavuli. Mvua, upepo, radi, farasi — yote ni yeye. Haonekani, lakini mji mzima wa Graz unamsikia.

Jumapili mchezo mpya. Mwishoni mume anajipiga risasi chumba cha pili. Maiti haionekani, unasikia mlio tu. Mlio huo ni wa Alois! Nimewaambia wote pale tunapofulia. Bi Zwettler, mwenye nyumba wetu, kaniuliza, "Mama Alois, safari hii tukuletee na tarumbeta?" Wivu tu.

Alhamisi, 11 Novemba

Alois hajala. Kumbe bastola ya kutoa mlio huo hataki kuishika. Tangu arudi kutoka vitani hata mlango huufunga kwa mikono miwili, usije ukabamiza. Meneja kamwambia: bila mlio hakuna mchezo, na bila mchezo hakuna kazi.

Mimi nipo! Nikabeba fimbo yangu ya kukung'utia mazulia hadi ukumbini, nikakicharaza kiti cha ngozi. Pa! Alois akacheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu aende vitani.

Meneja akapaza sauti toka viti vya nyuma: "Mama, vumbi limetoka. Mtu hajafa."

"Kwani wewe ulimsikia nani akifa, baba?"

Akaja akakigusa kiti. Kisha akasema, "Haya, jaribuni."

Jumamosi, 13 Novemba

Wamejaribu kutwa. Kiti kimepasuka, meneja bado anatikisa kichwa. Bi Zwettler anakuja kesho na dada zake wote. Nilikuwa nawasimulia ngazini, sifa juu ya sifa — Alois akapita. Akageuka, akarudi ukumbini.

Jumapili, 14 Novemba

Jukwaani mke anashona. Kimya. Mkono wangu kifuani.

Halafu ule mlio.

Si fimbo. Fimbo yangu naijua.

Bi Zwettler akanikamata mkono. Hakuna aliyekohoa, wengi mle wana wao hawakurudi. Kisha makofi! Nikasimama niseme mwanangu huyo — nikakaa tena.

Alois katoka mlango wa nyuma, koti linanuka baruti. "Wamesikia, mama?"

"Wote, mwanangu."

Sasa kajifungia chumbani. Supu nimeiacha mlangoni, inapoa. Nje kukavu, hata wingu hakuna. Ndani nasikia njegere kwenye chekeche, huku na huko, taratibu. Sijabisha hodi.

Mvua inazidi —