Ukimya wa Zamu Tuliousifu

Mama,

Nina hasira na wewe. Ungekuwa hai ningekuambia kwa adabu, nimepiga magoti. Sasa angalau huwezi kunirushia kandambili.

Unakumbuka tulivyotoroka Jinja, serikali ilipoanguka na baba akakimbia na wanajeshi wenzake? Tulijificha Mbale, kwa shangazi wa mtaa wa Namatala. Kiswahili chetu, lugha ya kambi za jeshi, kilitufichua. Ukikisema nje, jirani anapaza sauti: "Watoto wa wanajeshi hao! Watoeni!" Ukatukataza kufungua mdomo. Mimi, mwenye mdomo usio na kufuli, ulinifinya mpaka paja likabadilika rangi. Mdogo wangu Zamu, miaka mitatu, hakutoa neno. "Muige mwenzio," ukasema. "Huyu ana akili ya mtu mzima."

Hakuwa anakutii, Mama. Alikuwa hageuki hata akiitwa. Hakunyosha kidole kuonyesha chochote, hata ndizi aliyoitaka. Alipanga vifuniko vya soda mstari mmoja tangu asubuhi hadi magharibi, nawe ukamshukuru Mungu. Amani iliporudi ukasema ni hofu ya risasi, itamtoka. Zahanati walimpima uzito, wakakurudishia mgongoni. Shule wakamchapa, eti ana kiburi. Akabaki nyumbani, yupo mpaka leo.

Mimi sasa ni mhudumu wa afya wa kujitolea. Nazunguka mtaani na karatasi ya maswali ya kutambua usonji mapema: mtoto anageuka akiitwa? Anakuonyesha kitu kwa kidole? Cheka ukitaka: niliuliza mtaa mzima, nyumba yangu nikairuka. Mjukuu wangu Aisha ana miaka miwili. Juzi nilimwita mara sita, kimya. Mkwe wangu akacheka: "Mwache, mama. Amerithi akili za bibi Zamu."

Maneno yako yale yale. Nilitamani kumfinya.

Nilipotaja kliniki, mwanangu akasimama. "Unataka watu waseme tumezaa kichaa? Ukimpeleka, usikanyage kwangu tena."

Leo mwanangu na mkewe walipotoka kwenda sokoni wakaniachia Aisha, nilimbeba hadi kliniki. Muuguzi alikaa naye chini, akamchezesha, akauliza, akaandika. Kisha akaniambia, "Mama, mmewahi. Ataanza mazoezi ya kuzungumza na kucheza wiki ijayo."

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi hapa nje, Aisha mapajani. Mwanangu amepiga simu mara nne, najua hapigi kunisalimia. Lakini neno hilo, "mmewahi," nani aliwahi kukuambia wewe? Hakuna. Basi hasira yangu nimeigawa, zahanati na shule wachukue fungu lao: kwako nimebakiza kidogo tu.

Lala salama,
Binti yako mkubwa