Baki Kwanza

Kwako Trezo, mdogo wangu,

Simu hupokei, ujumbe unausoma na kunyamaza. Basi nakuandikia hapa mbele za watu, maana mambo ya nyumbani wewe unapenda kuyasema mbele za watu.

Unakumbuka ule usiku wa vichekesho, kabla hujahamia Kinshasa? Nilitoka Tenke kwa mume wangu, nikamkuta Mama amekwisha kupiga pasi kikwembe chake cha kanisani. Baa ilijaa mpaka mlangoni. Wenzako walitangulia jukwaani, sisi tukapiga miayo, saa sita ya usiku ikapita. Mama ulikuwa umemketisha wewe mwenyewe mbele kabisa. "Mama, leo utacheka mpaka utalia," ulimwambia. Haya, hongera.

Ulianza na shimo letu. Sawa, nani pale Kasulo hakuchimba madini chini ya kitanda chake? Ulisimulia tulivyokuwa tunatandika mkeka juu ya shimo wageni wakija, na ikabakia kidogo tu pasta atumbukie na Biblia yake. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Ilikuwa kweli, na ilikuwa yetu sote.

Kisha ukaigiza siku ile udongo ulipomwangukia Tata, baba yetu. Ukashika waya wa mikro kama kamba ya kumvutia juu, ukatoa sauti ya Mama, hata kikohozi chake.

"Vuta!" Tata anaita kule chini.

"Uko na jiwe?"

"Hapana!"

"Basi, baki kwanza!"

Watu wakapiga meza. Mzee mmoja nyuma yangu akaniinamia. "Uyu kijana ni munungwe wa marehemu?"

"Hapana, tata. Ni mutoto yake."

Akaweka chupa chini, hakucheka tena.

Unajua kwa nini aliuliza. Kwenye kilio cha Tata, banungwe, watani wa ukoo wetu, walifanya kila kitu. Walilala njiani jeneza lisipite mpaka tuwape bia. Waliigiza alivyokuwa anachechemea. Walimwita mvivu, eti ameona kaburi akafikiri ni kitanda. Tulicheka huku machozi yanatoka, kwa sababu ile ni haki yao, wamezaliwa nayo. Na hata wao, Trezo, kamba hawakuigusa kwa utani. Watu wenye ruhusa ya kutania maiti waliona haya, wewe mtoto wa kumzaa ukajipa ruhusa mwenyewe. Shenzi kabisa!

Na Mama alicheka. Hiyo ndiyo inayonichoma. Watu walimgeukia, akaonyesha meno, akapiga makofi, kusudi asikuharibie kazi.

Wewe sasa unavaa suti huko Kinshasa. Sisi umetuachia "baki kwanza". Mama akichelewa kidogo kumpimia mtu unga sokoni, vijana wanamwambia, "Mama, baki kwanza!" Anacheka nao. Akifika nyumbani anavua kitambaa cha kichwa na kukaa tu, chakula hagusi. Nimekuja kukaa naye tangu mwezi uliopita, nayaona kwa macho yangu.

Miaka yote alituambia maneno yake ya mwisho kwa Tata: "Tata, toka tukule, bukari inapoa." Tata akajibu kwamba anakuja, halafu udongo ukashuka. Alisimulia vilevile kila mara, habadilishi hata kidogo. Juzi tulikuwa tunachambua majani ya sombe, mikono yake ikasimama ndani ya beseni.

"Yaya," akaniita, dada mkubwa, kama unavyoniita wewe, "ile siku mi nilisema namna gani? Nilisema toka, ao nilisema baki?"

"Ulisema toka, Mama."

Aliniangalia. "Weye ulikuwa Tenke."

Kweli, nilikuwa Tenke. Juu ya shimo mlikuwa wawili, yeye na wewe. Mimi neno langu halimsaidii kitu, na nakuchukia kwa sababu lako tu ndilo litamsaidia.

Sitaki uniombe radhi. Sitaki zawadi zako, wala video zako. Mpigie Mama leo. Usimchekeshe. Mwambie ulimsikia kwa masikio yako, alisema toka.

Na hata kama hakusema, mwambie hivyohivyo.

Ni mimi,
Yaya yako, niliyekuwa Tenke.