Nimekosa Kura Mbili, na Binamu Yangu Ndiye Anayeadhibiwa

Shangazi Meding, shikamoo. Naomba unisaidie, maana chakula hakipiti na hili jambo siwezi kumwambia mtu ninayemjua.

Mimi ni mfanyakazi wa ndani hapa Hong Kong, huu mwaka wa tisa, na kwetu Ufilipino, kisiwani Panay, nimemwacha mama aliyepooza, anayemwogesha na kumlisha uji na kumgeuza kitandani ni binamu yetu Editha, na mwaka huu dada yangu mkubwa Marivic aligombea udiwani, nawe unajua kwetu mtu akigombea ukoo mzima umegombea, basi nikamwapia kwenye simu kwamba nitakuja nimpigie kura kwa mkono wangu mwenyewe.

Wenzangu walinishauri mapema. Mwezi mzima kabla ya siku yenyewe, ubalozi mdogo ulikuwa unapokea kura za sisi tulio nje, na kila Jumapili rafiki yangu Josie ananivuta mkono, "Twende tukapige ya rais na maseneta, nusu saa tu," nami namjibu kwa maringo, "Nyie pigeni huku kimyakimya, mimi napiga kwetu, watu wakiniona." Josie akacheka. "Haya mheshimiwa, utusalimie." Nikaomba likizo kwa Bibi Lau, mwajiri wangu, nikaondoka.

Siku ya kura nikafika shuleni, nikatafuta jina langu kwenye orodha ukutani, silioni, nikarudia, silioni, nikaingia ndani nikamkuta msimamizi ni mwalimu aliyenifundisha darasa la nne, akapekua makaratasi yake akaniambia taratibu, "Mwanangu, wewe ulijiandikisha kupigia kura ng'ambo. Jina lako limehamia huko, hapa huna." Hapo ndipo nilipokumbuka Jumapili moja miaka miwili nyuma, tumekaa chini pale Central, katikati ya jiji hili, juu ya maboksi tunayotandika siku ya mapumziko, akina Josie wakaenda kujiandikisha nami nikafuata mkumbo, nikapigwa picha, nikaweka dole gumba, afisa anaeleza na mimi jicho liko kwenye tambi zetu zisije zikaliwa zote.

Marivic alikuwa ananisubiri nje ya geti. Nikapitia nyuma, nikaenda nyumbani, nikachukua ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mama nikapaka kidole, kwa kuwa kwetu kila aliyepiga kura anapakwa wino. Nilijiambia kura moja ni nini, dada atashinda kwa mamia.

Shangazi, hakushinda na hakushindwa. Kwenye kiti cha mwisho cha udiwani yeye na mpinzani wake walitoka sawa kwa sawa, na sheria yetu wakilingana hupigwa bahati nasibu, kwa hiyo wakaitwa ofisini, sarafu ikarushwa, ikamwangukia mwenzake.

Marivic akatukusanya akataka kuona vidole, mmoja mmoja. Changu kilikuwa cha zambarau kuliko vyote. Cha Editha kilikuwa kimefifia, maana kutwa anafua mashuka ya mama kwa jiki.

"Wewe hukupiga," Marivic akamwambia.

"Nilipiga, dada. Nilikuwa wa pili kwenye foleni."

"Basi watu wa mpinzani wangu wamekulisha nini?"

Editha akanigeukia mimi, akitegemea nimtetee, na mimi nikasema, "Jamani yameshapita, tulieni." Hilo tu. Marivic akamfukuza palepale na nguo zake kwenye mfuko wa plastiki, na sasa mama kutwa anamwita Editha, hataki kulishwa na mwingine, na mimi nimesharudi huku. Nikisema ukweli, Marivic hatanisamehe. Nisiposema, sijui nitaishije. Nifanye nini?

Aliyenyamaza, Sha Tin, Hong Kong

*

Mwanangu,

Pole kwa kuuguliwa na mama. Mengine tutaona kama unastahili pole.

Tuanze na kura, maana wapo wengi wanaoelekea kufanya kosa lako. Ukijiandikisha huku, jina linatoka kwenye orodha ya nyumbani. Huku unachagua rais, makamu wake, maseneta na chama kimoja kwenye orodha ya vyama vya bunge. Diwani na meya hawamo. Ukitaka kumpigia dada yako, unakwenda ubalozini miezi mingi kabla, unaomba jina lirudishwe kwenu. Ungefanya hivyo, leo Marivic ni diwani. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Na ile ya rais ulikuwa nayo mwezi mzima, ukaidharau kwa sababu hakuna wa kukuona ukiipiga. Kuna wenzako waliogombana na mabosi wao ili waipate nusu saa ile, na kusema kweli imeniuma.

Lakini huo ni uzembe, na uzembe husameheka. Josie angekucheka wiki mbili, yakaisha. Editha alipokutazama je? Uliogopa kuonekana mjinga, ukaacha mwenzako aonekane msaliti, mtu ambaye kidole chake kimepauka kwa kufua uchafu wa mama yako. Halafu unaniambia unaogopa Marivic hatakusamehe. Marivic tena?

Sikiliza. Unampigia Editha kwanza. Usimweleze habari za orodha wala za ubalozi, hazimhusu. Mwambie, "Sikupiga kura, nilipaka dawa, nikanyamaza ulipofukuzwa." Halafu unampigia Marivic, ndugu wote wakisikia, kwa sababu Editha alifedheheshwa mbele ya wote. Atakutukana. Mwache amalize, na simu usikate.

Kisha nenda ubalozini uamue moja, jina libaki huku au lirudi kwenu. Likibaki, piga kura huku. Ukikosa chaguzi mbili za taifa mfululizo wanalifuta, nawe moja umeshaikosa.

Nilitaka kukwambia usubiri Jumapili, siku yako ya mapumziko. Nimefuta. Mama yako hali chakula, na anayeweza kumlisha kafukuzwa kwa sababu yako. Bibi Lau akitoka kwenda sokoni leo, shika simu. Editha akikata, piga tena.